Farasi Anasoma Pumzi Yako Kabla ya Hatamu

Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi mmoja mjini Berlin aliyewaacha watu vinywa wazi. Aliitwa Hans. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa akimuuliza maswali ya kujumlisha na kutoa, na Hans akijibu kwa kugonga kwato chini. Saba na tano ni ngapi? Anagonga mara kumi na mbili, kisha kimya. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilimchunguza na kukiri kwamba halikuona udanganyifu wowote. Ndipo mtafiti Oskar Pfungst alipoingia kazini, na mwaka 1907 akaianika siri hadharani: Hans hakujua hesabu hata chembe, alijua kusoma watu. Anayeuliza swali huinamisha kichwa kidogo ili aangalie kwato. Idadi sahihi ikifika, bila yeye mwenyewe kujijua, hukiinua kidogo sana, kiasi ambacho waliokuwa wamesimama pale hawakukiona. Hans alikiona. Akiulizwa na mtu asiyejua jibu, au akizuiwa asimwone anayemuuliza, alikuwa akigonga ovyo. Na hata Pfungst, baada ya kuijua siri yote, alijikuta hawezi kuzizuia ishara hizo zisimtoke.

Kisa hiki huwasimulia wanafunzi wangu wa kupanda farasi kabla hatujagusa tandiko. Hans alisimama pembeni ya mtu, akamsoma kwa macho tu. Farasi wako hahitaji hata kukutazama, umemkalia mgongoni. Ngozi yake humhisi nzi anapotua, na misuli iliyo chini ya ngozi hiyo hutikisika pale pale alipotua nzi, si kwingine. Sasa fikiria mapaja yako yakikaza.

Mwaka 2009 watafiti nchini Sweden walichapisha jaribio ninalolirudia kila ninapopata nafasi. Watu walitakiwa kuongoza farasi au kuwapanda kutoka mahali fulani hadi pengine, mara nne. Kabla ya mara ya nne wakaambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi atakapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya wale watu yalipanda, na ya farasi nayo yakapanda. Farasi hawakuwa na habari yoyote kuhusu mwavuli. Walikuwa na mtu tu.

Hapo ndipo msimamo wangu wote kuhusu mazoezi ya akili kwa wapanda farasi unapoanzia. Mwanariadha wa mbio anaweza kuingia uwanjani roho ikiwa mkononi na siri hiyo ikabaki kwake. Mpanda farasi hana faragha hiyo. Analofikiri linageuka kuwa msuli, na msuli unageuka kuwa amri kwa mnyama wa kilo 500 ambaye asili yake ni kukimbia kwanza na kuuliza baadaye. Kwa hiyo akili ya mpandaji hainolewi kwa kujitazama kwenye kioo na kujiita bingwa. Inanolewa kupitia mwili, mahali ambapo farasi anaisoma.

Tuifuate hofu inakopita. Mpandaji anakata kona, anakiona kiunzi. Jambo la kwanza linalotokea ni pumzi kukwama kifuani. Pumzi ikikwama, misuli ya mbele ya nyonga hujikunja, na kiwiliwili kinaegemea mbele. Magoti yanabana tandiko, visigino vinapanda, vikuku (zile pete za chuma unazokanyagia) vinateleza kurudi nyuma. Vidole vinafunga hatamu kwa nguvu na lijamu linavuta kinywani. Macho, ambayo yalipaswa kutazama ng'ambo, yanaangukia fito ya juu na kuganda hapo. Hayo yote huchukua muda mfupi kuliko unaotumia kusoma sentensi hii. Upande wa farasi sasa: miguu ya mpandaji inamwambia nenda, mikono inamwambia simama, sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Atafanya nini? Anainua kichwa, anabonyeza mgongo, kisha anachagua mwenyewe. Ama anakimbilia kiunzi bila mpango, ama anagoma. Na pembeni ya uwanja mtu atasema farasi huyo ni mkaidi.

Mara nyingi mtu huyo huyo ndiye anayepiga kelele: "Tulia! Usiogope! Usitazame chini!" Naielewa nia yake, ni ya upendo kabisa, lakini amri za namna hiyo hazina msaada. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaomba wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila dubu akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele ziliendelea kulia. Akili iliyoamriwa isifikirie kitu lazima ikichunguze kitu hicho ili ihakikishe haikifikirii. Mpandaji anayekaribia mtaro wa maji akijiambia "nisiogope maji" ameshajaza kichwa maji kabla hajafika. Mpe kazi badala ya katazo. Badala ya "usitazame chini", mwambie atazame nguzo ile iliyo nyuma ya kiunzi na akueleze ina rangi gani. Badala ya "usimvute", mwambie asogeze ngumi zake kuelekea masikio ya farasi.

Nina mwanafunzi mmoja, binti wa sekondari, mwenye mikono mizuri na mkao wa kupendeza, ambaye kila tulipoweka viunzi viwili kwenye mstari mmoja alikuwa akiganda. Farasi wake, jike mtu mzima mwenye subira, alikuwa akiongeza kasi kwenye kona, masikio yamelala nyuma kidogo.

"Umepumua pale kwenye kona?" nilimuuliza.

"Sijui, mwalimu."

Hilo ndilo jibu la wengi, na ni jibu la kweli. Sikumwambia apumue, maana ukimwambia mtu apumue huvuta pumzi kubwa kisha akaishikilia, na hapo umeongeza tatizo. Nilimwambia aimbe. Wimbo wowote, kwa sauti, kuanzia kona hadi baada ya kiunzi cha pili. Aliona aibu, akaanza kwa kunong'ona. Kwenye mzunguko uliofuata sauti ilimtoka, na ilipotoka nikaona mabega yake yanashuka. Hatua chache baadaye yule jike akateremsha shingo, akaanza kutafuna lijamu, sikio moja likageukia nyuma kumsikiliza na lingine likabaki mbele kwenye kiunzi. Kasi ilipungua bila hatamu kuguswa. Walivuka vyote viwili kwa mwendo ule ule. Huwezi kuimba huku umeziba pumzi, hakuna muujiza zaidi ya huo.

Kuimba ni mlango tu. Ndani yake kuna zoezi linalopaswa kufanywa kila siku hadi liwe tabia ya mwili: kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Moyo huenda kasi kidogo unapovuta pumzi na hupunguza mwendo unapoitoa, kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoa ni njia ya moja kwa moja ya kuusemesha moyo. Farasi akiwa anatembea, vuta kwa hatua zake nne, toa kwa hatua sita. Fanya hivyo kila unapompanda, kila unapombadilishia mwendo, kila unaposimama. Ukisubiri siku ya mashindano ndipo uanze kupumua, umechelewa. Siku hiyo mwili hauna nafasi ya kujifunza, unarudia tu ulichozoea.

Zoezi la pili ninalolipa uzito mkubwa ni kupanda ukiwa hujapanda. Kwenye mashindano ya kuruka viunzi mpandaji huruhusiwa kuutembelea uwanja kwa miguu kabla ya kuanza. Farasi haruhusiwi. Yeye atakutana na viunzi vile kwa mara ya kwanza akiwa mbioni, na ramani yote aliyonayo ni ile iliyo kichwani mwako. Ndiyo maana matembezi yale hayapaswi kuwa ya kupiga soga. Hatua kubwa ya mtu ni karibu sentimeta 90, na hatua moja ya farasi akikimbia mbio za wastani ni karibu mita 3.6, yaani hatua zako nne. Kati ya kiunzi na kiunzi unahesabu hatua zako mbili za kutua, kisha nne nne kwa kila hatua ya farasi, na mbili za mwisho za kuruka. Ukipata hatua 20, farasi ana hatua nne. Wapandaji wengi huishia hapo, wanajua hesabu na wanaondoka. Mimi hutaka wanafunzi wangu warudi mwanzo wa mstari, wasimame kimo cha macho ya mtu aliye juu ya farasi kadiri wanavyoweza kukifikiria, waseme wataona nini: bango linalopepea pale, kivuli kinachokatiza mchanga, lango la kutokea litakalomvutia kila farasi. Kona inaanzia wapi hasa? Kwenye ua jekundu au mita mbili baada yake?

Kisha wanakaa mahali pa faragha na kuupanda mzunguko mzima kichwani. Hapa kuna mambo watu wanayafanya nusunusu. Wanajiona kama wanatazama video yao wenyewe kutoka jukwaani. Hilo lina faida yake kidogo, lakini mwili hujifunza zaidi ukiwa ndani ya picha: unaziona nywele za shingo ya farasi mbele yako, unahisi uzito ukishuka kwenye visigino, unasikia kwato na ile sauti ya pumzi yake. Wanakwenda haraka mno pia. Kama mzunguko halisi ni sekunde 75, ule wa kichwani nao uwe karibu na hapo. Shika saa upime. Ukimaliza kwa sekunde 30, kuna kona umeziruka, na mara nyingi ndizo kona unazoziogopa. Akili hupita haraka mahali inapoumia. Rudi hapo hapo.

Wapandaji wa dresaji, mchezo wa kumwongoza farasi kwa mienendo iliyopangwa, wana kazi tofauti kidogo. Uwanja wao wa mita 20 kwa 60 wenye herufi kandokando haubadiliki, na mpangilio wa mienendo wanaujua wiki nyingi kabla. Hatari yao si kushtukizwa, ni kuwahi mno. Akili inaitangulia herufi, farasi anaisikia akili, anaanza kugeuka kabla ya wakati. Kwa hawa nasisitiza waipitie programu kichwani wakitaja kila watakachofanya nusu hatua kabla ya kila herufi: pumzi, mkao, kisha ombi kwa farasi. Wengine hutembea kwa miguu juu ya uwanja mdogo waliouchora sakafuni. Nawapenda sana wapandaji hao, na huwa naiona kazi yao matokeo yakitoka.

Kuna jambo limekaa vibaya katika mafundisho mengi: dhana kwamba kila mpandaji anatakiwa awe mtulivu. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walifanya majaribio kwa panya na kuonyesha kwamba msisimko mdogo mno huzuia kujifunza, na mkubwa mno nao huharibu, hasa kazi ikiwa ngumu. Wapandaji nao hawalingani. Yupo anayeingia uwanjani amepoa kiasi kwamba farasi anasinzia chini yake, na huyo anahitaji kuchangamshwa: atembee haraka, arukeruke, apande farasi mapema na kumpitisha kwenye mabadiliko mengi ya mwendo. Yupo mwingine ambaye tumbo linamwaka moto tangu alfajiri. Huyu wa pili simwambii atulie. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia wamejaa hamu kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaodunda kwa hofu na moyo unaodunda kwa hamu ni moyo ule ule. Kuubadilishia sababu ni rahisi kuliko kuunyamazisha.

Kengele ya kuanza ikilia katika mashindano ya kimataifa ya kuruka viunzi, una sekunde 45. Zinatosha, kama umezipangia kazi. Utaratibu ninaoufundisha ni mfupi: toa pumzi moja ndefu mpaka mwisho, sambaza macho uone uwanja mzima hadi pembeni, tafuta mwendo, tazama kiunzi cha kwanza, sema neno lako. Neno moja tu, la kitendo. "Subiri." "Mbele." "Mdundo." Kila mmoja ana lake, na huwa halifanani na la mwenzake hata kama wanapanda farasi wa banda moja.

Kisha zipo ahadi za "ikiwa". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha kwa miaka mingi kwamba mtu aliyepanga kwa maneno "ikitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza kuliko aliye na nia njema tu. Katika upandaji hakuna siku isiyo na "ikiwa". Ikiwa atasita kabla ya mtaro wa maji, nitambana kwa vigimbi na kutazama ng'ambo. Ikiwa fito itaanguka, sitageuka nyuma, nitasema "kinachofuata" na kutoa pumzi. Fito iliyoanguka imekugharimu pointi nne, lakini ile unayoigeukia shingo inaweza kukugharimu nne nyingine kwenye kiunzi kijacho. Waandike "ikiwa" zao kwenye karatasi, zisizidi tatu. Nane hazikumbukwi mtu akiwa juu ya farasi.

Sasa nije kwenye lililo zito kwangu. Agosti 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, dunia nzima ilimwona mshindani wa Ujerumani katika pentathloni ya kisasa, mchezo wa matukio matano uliokuwa na upandaji ndani yake, akilia juu ya farasi asiyetaka kwenda. Alikuwa anaongoza mashindano. Kwa kanuni za mchezo ule, farasi alipatikana kwa kura na mshindani alipewa dakika 20 kumzoea. Farasi yule alikuwa ameshagoma chini ya mpandaji mwingine siku hiyo hiyo. Kutoka pembeni ilisikika amri ya kumchapa, na kocha aliyempiga farasi kwa ngumi akaondolewa kwenye mashindano. Baadaye chama cha mchezo huo kiliamua kuuondoa upandaji kabisa baada ya Olimpiki ya Paris ya 2024.

Watu walimshambulia yule dada kwa maneno makali. Mimi nilichokiona ni viumbe wawili waliokuwa wamefika mwisho wa uwezo wao, na hakuna mtu mwenye mamlaka aliyesema basi. Hakuna zoezi la pumzi linaloweza kujenga imani kwa dakika 20 juu ya farasi aliyekwisha kuvunjika moyo. Kwa hiyo katika mazoezi ya akili naweka na hili, na sitaki lionekane la pembeni: uwezo wa kuinua mkono, kumsalimu mwamuzi na kutoka uwanjani. Tunalifanyia mazoezi. Mpandaji anaingia, anaanza, na mimi namwambia katikati ya mzunguko ajiondoe kwa utulivu, ampapase farasi, atoke kwa mwendo wa kutembea. Mara za mwanzo wanachukia. Lakini aliyewahi kutoka kwa heshima akiwa mazoezini hafungwi na macho ya watu siku ambayo farasi amechechemea au yeye mwenyewe haoni sawasawa. Na akijua mlango upo, mara nyingi anapanda kwa uhuru zaidi.

Kuhusu kuanguka, ule usemi kwamba ukianguka panda papo hapo naupinga waziwazi. Kichwa kikiwa kimegonga chini, hata kama kofia ilikuwepo, mtu hapandi tena hadi aonwe na daktari. Mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa macho, na wa pili ukija juu ya wa kwanza unaweza kuua. Mwili ukiwa salama, hofu inayobaki ni taarifa ya kweli kuhusu hatari ya kweli, na mpandaji hastahili kuonewa aibu kwa kuwa nayo. Pierre Durand wa Ufaransa aliangushwa na farasi wake Jappeloup kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, mbele ya ulimwengu wote, farasi akatimka uwanjani bila mpandaji. Walipotwaa dhahabu ya mmoja mmoja huko Seoul ilikuwa 1988, wawili wale wale. Nick Skelton wa Uingereza alivunjika shingo mwaka 2000, akastaafu, akarejea, na dhahabu yake ya mmoja mmoja ikaja Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 58. Mnyororo huo wa miaka ndio ninaomwonyesha mtu anayetaka kurudi kuruka wiki ijayo.

Ngazi ya kurudi tunaichora pamoja, kuanzia anachokiweza bila pumzi kukwama. Kwa mwingine ni kusimama karibu na farasi na kumpiga brashi. Kwa mwingine ni kumpanda huku saisi, mtunza farasi, ameshika kamba. Halafu mwendo wa kutembea, halafu mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo za kudunda, halafu fito moja iliyolala mchangani. Kila ngazi inarudiwa hadi imchoshe, na hilo la kuchosha nalitilia mkazo, kwa sababu hofu inayoshindwa kwa ujasiri wa siku moja hurudi, ila inayoshindwa kwa mazoea haina pa kushikia. Anayepanga ngazi ni mpandaji, kocha hashuki wala hapandi kwa niaba yake. Na ikiwa usiku bado anaota anguko lile, au mikono inamtetemeka akilisikia tu jina la uwanja, hapo amevuka mipaka ya kocha kama mimi. Namkabidhi kwa mwanasaikolojia, nami naendelea kumtembeza farasi wake hadi atakaporudi.